Tanga la shitingi

Katika mtihani mmoja wa msamiati niliandika bila kusita: omo ni sehemu ya mbele ya chombo, tezi ni ya nyuma, foromali ni mti unaofungiwa tanga, joshi ni upande unaopigwa na upepo, demani ni upande usiopigwa. Nikapata alama zote. Mwaka uliofuata, mwezi wa Julai, nilipanda boti ya mbao pale Kalundu, bandari ya Uvira, kwenda Kalemie. Usiku wa pili nikatambua kwamba sikuwa nimeelewa hata nusu ya yale niliyoyajibu.

Hoja yangu ni kwamba kitivo chetu kinafundisha lugha ya vyombo kama kitu cha makumbusho, wakati watu wa Tanganyika wanaishi chomboni kila wiki, na wanaishi humo kwa Kiswahili.

Nianze na maisha yenyewe. Tulikuwa zaidi ya abiria thelathini juu ya magunia ya unga na mabidoni ya mafuta ya mawese. Mama mmoja alipika kwenye mbabula karibu na injini, nasi sote tulilinda moto ule kwa macho. Kijana mmoja hakuwa na kazi nyingine ila kuchota maji yaliyoingia ndani, mchana na usiku. Mwanamke akitaka kujisaidia, wenzake walimzungushia vitenge. Nilisikia Kibembe, Kifuliiru, Kirundi na Kiha katika maongezi ya watu wawili wawili. Lakini amri, ugomvi wa mahali pa kulala, bei ya chai na sala ya jioni vyote vilikuwa kwa Kiswahili. Katika nafasi finyu kama ile, lugha ndiyo chumba, ndiyo mlango, ndiyo pazia.

Tena lugha ile ina adabu zake. Nilimwuliza mzee aliyeshika usukani tutafika saa ngapi. Akanitazama kwa huruma: “Mwanangu, kwa maji hatuulizake ile.” Nilidhani ni tabia yake tu, mpaka nilipokumbuka Richard Burton. Mwezi wa Aprili 1858, yeye na John Speke walitoka Ujiji kwa mitumbwi hadi Uvira, wakitumaini kwamba mto Rusizi unatoka ziwani kwenda kaskazini. Wenyeji wakawaambia unaingia. Katika kitabu chake cha 1860, Burton analalamika kwamba wapiga makasia wake hawakupenda maswali juu ya safari wakiwa majini. Yeye aliona ni ushirikina. Mimi, baada ya somo la pragmatiki, naona ni kanuni ya mazungumzo: swali la saa ya kufika linamdai nahodha ahadi ambayo upepo ndio wenye uwezo wa kuitimiza. Kanuni ya namna hiyo inastahili tasnifu, nasi hatuna hata ukurasa mmoja.

Usiku wa pili, tukiwa mbali kidogo na rasi ya Ubwari, injini ilizimika. Ilikuwa kiangazi, wakati upepo wa kusini unavuma kwa nguvu na mawimbi yanapanda. Boti ilianza kugeuka ubavu. Watoto walilia, mtu mmoja akaanza kuungama dhambi zake kwa sauti. Mzee hakupaza sauti. Alisema tu, “Leteni shitingi.” Vijana wakaitoa ile turubai iliyofunika mizigo, wakaifunga kwenye mti mrefu, wakasimamisha mti mwingine kama mlingoti. Hakuna aliyesema foromali. Hakuna aliyesema omo wala tezi. Walisema “mbele” na “nyuma”. Yako maneno mengine waliyorushiana gizani, mafupi, ya kamba na ya upepo, ambayo sikuyaelewa. Boti ilinyooka, ikakimbia mbele ya upepo, na alfajiri tuligusa mchanga wa Ubwari.

Mimi nilijua neno tanga, wao walijua kutengeneza tanga. Na yale maneno ya gizani, kwa sababu ya hofu, sikuandika hata moja. Hilo ndilo linaloniuma. Wazee wanaoyajua wanazeeka, wengine ziwa limewachukua, na vijana wengi wanajifunza injini tu.

Mhadhiri mmoja aliniambia kwamba kukusanya maneno kama “shitingi” ni kuchafua Kiswahili sanifu. Kwa heshima, napinga. Nahodha ni neno la Kiajemi. Bendera imetoka kwa Wareno. Meli ni Kiingereza, jina la merikebu za kubeba barua. Kiunguja kilipochaguliwa mwaka 1928 kule Mombasa kuwa msingi wa usanifishaji, maneno hayo yalikuwa yamekwisha kupata uraia kwa kazi, si kwa cheti. Shitingi nayo imewasitiri wakimbizi wetu, imefunika mizigo yetu, na usiku ule ilitufikisha pwani. Itake kazi gani zaidi?

Sisemi tuache omo na tezi. Maneno hayo yamebeba karne za safari za kaskazi na kusi kati ya Uarabuni na pwani ya Afrika Mashariki, na mwanafunzi asiyeyajua ni maskini. Nasema yawe na wenzake. Muhula uliopita tulitumia semina nzima kubishana kama Tanganyika ni “tanga” na “nyika”, au ni kukutana kwa maji kama Burton alivyoelezwa. Hakuna hata mmoja wetu aliyependekeza kwenda bandarini kuuliza.

Basi napendekeza jambo moja dogo. Kila mwanafunzi wa mwaka wa tatu apelekwe juma moja Kalundu au kwenye mialo ya wavuvi, hasa siku za mbalamwezi, kwa kuwa taa hazivuti dagaa mwezi ukiwa mpana na wavuvi wako nchi kavu wakishona nyavu, nao wana muda wa kuongea. Abebe daftari na kinasa sauti. Aulize kamba hii inaitwaje, upepo ule unaitwaje.

Ila akipanda botini, asiulize watafika saa ngapi.