Barabara Nayo ni Mahali pa Kazi

Vumbi la kiwandani hutambuliwa upesi kuwa ni hatari kwa mfanyakazi, bali moshi wa barabarani huhesabiwa kuwa ni adha ya wapita njia tu. Fikira hiyo si sahihi. Askari wa usalama barabarani, utingo wa daladala, fundi wa gereji na muuza magazeti wa njia panda huuvuta moshi huo kutwa nzima, tena kila siku ya kazi.

Moshi wa dizeli hubeba chembe za masizi. Zilizo hatari zaidi hazizidi kipenyo cha milimita 0.0025, ilhali unene wa unywele hukaribia milimita 0.07. Chembe kubwa hunaswa puani na kooni. Hizi ndogo hufika ndani kabisa ya mapafu. Mwaka 2012 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliamua kwamba moshi wa dizeli husababisha saratani ya mapafu.

Kitambaa kinachofungwa usoni hakizuii vyema chembe ndogo kiasi hicho. Kinga ya kweli huanzia kwenye chanzo: mafuta yenye salfa kidogo na injini zinazotunzwa, na kwa wasimamao njia panda, zamu fupi. Kufikia mwaka 2006 karibu nchi zote za Afrika kusini mwa Sahara zilikuwa zimeondoa madini ya risasi katika petroli. Yaliondolewa kwa uamuzi wa serikali, si kwa kila mtu kuziba pua yake. Masizi nayo yastahili uamuzi wa namna hiyo.