Chaza Hasemi Uongo

Washairi wa pwani wameisifu lulu tangu zama. Chaza aliyeizaa hutajwa kwa nadra. Huenda ndiyo sababu yaaminiwa kwa wepesi kwamba bahari ni pana, hujisafisha yenyewe, na kitokacho humo ni salama. Imani hiyo ni tamu masikioni, lakini mezani ni ya hatari.

Chaza hafuati chakula. Hukaa alipowekwa, akachuja maji yanayompitia, lita nyingi kwa siku. Kilichomo majini humwingia, na madini mazito kama shaba, risasi, zebaki na kadimiamu hulimbikizana mwilini mwake. Mfugaji ndiye amchaguliaye maji. Aliye juu ya mto ndiye awezaye kuyatia sumu.

Ushahidi uko Taiwan. Mwaka 1986, chaza waliofugwa Charting, karibu na mlango wa mto Erren, waligeuka rangi ya kijani. Sababu ilikuwa shaba. Juu ya mto huo, vyuma chakavu na nyaya vilichomwa moto na kuoshwa kwa tindikali ili madini yapatikane, na mabaki yakaachiwa mto. Faida ilibaki kwa wenye tanuri. Hasara ikawashukia wenye chaza.

Na hapo shaba ilijitangaza kwa rangi. Kadimiamu na risasi hazimpi mlaji onyo kama hilo. Jiko nalo halisaidii: moto huua vijidudu, hauondoi madini, ndimu na pilipili ni za ulimi tu. Hata kumweka chaza katika maji safi kwa siku mbili, njia itumikayo kumtoa vijidudu, hakutoshi. Madini yaliyokwisha kushika mwilini huchukua wiki, pengine miezi, kupungua.

Husemwa kwamba kupima ni gharama, na kutangaza majibu ni kuwafukuza wanunuzi. Hoja hiyo ni ya mwenye tanuri, si ya mfugaji. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo: miligramu 1 ya kadimiamu na 1.5 ya risasi kwa kila kilo ya nyama mbichi ya chaza. Asiyepima hana la kumjibu mnunuzi, wala mwanawe anayekula kilichobaki. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Huko Fumba na Bweleo, Unguja, akina mama wamefuga chaza kwa ajili ya lulu. Maji yao hayashutumiwi hapa. Linalodaiwa ni haki yao, na ya kila atakayeitwa kufuga baada yao. Maji na nyama vipimwe kabla ya kamba ya kwanza kufungwa, vipimwe tena kila msimu, na majibu yasomwe kijijini, kwa Kiswahili, kabla hayajafungiwa kabatini. Gharama abebe amwagaye taka.

Chaza huandika mwilini mwake kila alichopewa na bahari. Wa kwanza kusomewa maandishi hayo awe yule aliyesimama majini kumlea.