Haki ya Njia Kando ya Mto



Ndugu wasomaji, juma hili nimeulizwa swali ambalo mwanzo nililiona dogo. Baada ya darsa ya akina mama hapa Isiolo, mama mmoja alisalia nyuma, akanena: "Sheikh, daktari ameniambia nina kisukari, na dawa peke yake haitoshi. Ameniagiza nitembee kwa haraka kila siku, na nikiweza nikimbie kidogo. Nikipita kando ya mto, wanaume huulizana: mke wa mtu huyu anamkimbia nani? Je, nimekosea?"

Nilimjibu kwa ufupi kwamba hakukosea. Leo napenda kulieleza jibu hilo kwa urefu, kwa kuwa huko pwani nako wamo mama na dada zetu walioagizwa na tabibu vivyo hivyo, na wanaobaki ndani kwa kuogopa maneno ya watu.

Kwanza niwaeleze mahali penyewe. Mto Isiolo huteremka kutoka upande wa Mlima Kenya, ukapita hapa mjini, kisha ukaenda kuungana na Ewaso Ng'iro, mto mkubwa wa nchi hii kavu, ambao hupita Archer's Post na Merti na kuishia katika kinamasi cha Lorian. Waborana huviita vivuko vya mto "malka", na ndiyo sababu utasikia majina ya miji kama Malka Daka. Katika nchi yenye maji haba, watu na mifugo huzifuata kingo za mto, na nyayo zao hufanya njia. Njia hiyo haikuchorwa na mhandisi. Ni ya udongo uliokanyagwa, ina kivuli cha migunga, na mahali pengine hufuata mifereji midogo ya kumwagilia mashamba. Baada ya sala ya Alfajiri hewa ni baridi, na vumbi la barabara kuu halijainuka. Ikifika saa tatu jua limekuwa kali. Basi mwenye kutaka kutembea au kukimbia mchakamchaka hana wakati mzuri kuliko huo, wala mahali pazuri kuliko hapo.

Ama faida yake, haina shaka. Msuli unaofanya kazi huivuta sukari kutoka katika damu na kuitumia, na hivyo mwendo wa haraka humsaidia mwenye kisukari. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima apate mazoezi ya wastani ya dakika 150 hadi 300 kwa juma. Kiwango cha chini ni nusu saa tu kwa siku tano. Mwili huu ni amana, na kila mmoja wetu ataulizwa alivyoutumia. Mwenye kuamrishwa dawa akaiacha kwa kuona haya amemridhisha jirani kwa kuidhulumu nafsi yake.

Sasa tuitazame sira ya Bwana Mtume (s.a.w.). Imepokewa na Abu Daud kwamba Bibi Aisha (r.a.) alikuwa pamoja naye safarini, wakashindana mbio kwa miguu, na Bibi Aisha akashinda. Baadaye, alipokuwa ameongezeka mwili, walishindana tena, na mara hii Bwana Mtume akashinda, akamwambia kwa mzaha kwamba hii ni malipo ya ile. Wengi wetu tunaijua habari hii na hutabasamu tunapoisimulia. Lakini katika mapokezi ya Imamu Ahmad mna jambo ambalo hatulisimulii sana: kabla ya kukimbia, Bwana Mtume aliwaambia watu watangulie mbele, nao wakatangulia.

Lizingatieni hilo. Palihitajika stara, na stara ikapatikana. Ilipatikana vipi? Bibi Aisha hakuambiwa abaki ndani ya machela juu ya ngamia. Walioambiwa waondoke ni wanaume. Sisi tumeigeuza hali hiyo: mwanamume amekaa juu ya jiwe kando ya njia, hana kazi wala safari, na anayetakiwa kurudi nyumbani ni mgonjwa aliyetoka kutafuta afya yake.

Tena njia ina haki zake. Mtume (s.a.w.) aliwaonya masahaba kuhusu kukaa njiani. Walipoeleza kwamba hawana budi, aliwataka waipe njia haki yake: kuinamisha macho, kuzuia maudhi, kuitikia salamu, kuamrisha mema na kukataza mabaya. Habari hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Anayemcheka mama anayetembea ameivunja haki ya kwanza na ya pili kwa pamoja. Simsemi mtu mmoja. Nawasemea vijana wetu wote, na wazee pia.

Liko jambo jingine ambalo mama yule alinionyesha, nami sikulijua mpaka nilipokwenda kuliona kwa macho. Mahali pamoja ua wa miiba ulikuwa umesogezwa mpaka kwenye maji. Njia ilikatika. Mwenye kutembea alilazimika kupanda hadi barabara kuu yapitapo malori ya Marsabit na Moyale, atembee kando yake, kisha ateremke tena. Akina mama walikuwa wakizuiwa na vitu viwili, ulimi na ua.

Kuhusu ua, sheria ya nchi haikunyamaza. Kanuni za maji za mwaka 2007 ziliweka ukanda wa kuhifadhiwa kila upande wa mto, usiopungua mita 6 na usiozidi mita 30. Ukanda huo huupa mto nafasi ya kujaa, na huzuia udongo usiporomoke majini. Palipobakizwa ukanda wa namna hiyo, watu hupata manufaa ambayo wenyewe hawakuyakusudia. Huko Ufaransa upo mfereji uitwao Canal du Midi, uliofunguliwa mwaka 1681, wenye urefu wa kilomita zipatazo 240. Kandokando yake iliachwa njia ya farasi waliovuta mashua kwa kamba. Farasi hao hawapo tena katika kazi ile, lakini njia ingalipo, na leo watu hukimbia na kuendesha baiskeli katika sehemu zake nyingi. Walioiacha hawakuwafikiria wakimbiaji. Waliacha nafasi tu, na nafasi ikawafaa watu waliokuja karne tatu baadaye.

Nilifuatana na wazee wawili tukamwendea mwenye shamba. Sitamtaja, kwa kuwa alitupokea kwa heshima na alikuwa na hoja: mbuzi humwingilia na kumla sukuma yake, na wapitaji wengine hujisaidia chini ya mti wake. Tukaona kwamba naye amedhulumiwa. Mtume (s.a.w.) ametukataza kwa ukali kujisaidia mahali patatu: penye vyanzo vya maji, katikati ya njia na kivulini. Ukingo wa mto ni mahali hapo patatu pamoja! Basi tukakubaliana: yeye asogeze ua na kuacha upenyo ambao mtu hupita na mbuzi hapiti, na sisi tuwakanye watu msikitini. Ua umesogezwa hatua chache, haujafika mita 6. Mazungumzo yanaendelea, na subira ni katika imani.

Kwa wanaotaka kuanza, nina nasaha chache. Mwenye kutumia dawa za kisukari amwulize daktari wake kwanza, na achukue tende mfukoni, kwani sukari yaweza kushuka ghafla. Msitembee peke yenu; nendeni watatu au wanne, nguo zikiwa za stara na viatu vikiwa imara. Wakati wa mvua jiepusheni na kingo, hata kama mbingu ya hapa ni nyeupe, kwa sababu maji hutoka mlimani. Mwezi wa Machi 2010 mafuriko ya ghafla ya Ewaso Ng'iro yalizisomba kambi zilizokuwa kandoni mwake huko Samburu. Na kule Archer's Post na hifadhini ni makazi ya tembo na mamba, si mahali pa mtu kukimbia. Anayetafuta mashindano anayo yale ya Lewa, jirani yetu, ambapo tangu mwaka 2000 watu hukimbia kila mwaka katika ardhi ya wanyama wakiwa chini ya ulinzi.

Kwa waume nina neno moja. Mkeo akiagizwa kutembea, ondoka naye asubuhi moja. Hutahitaji kumjibu mtu yeyote, maana watakaowaona mmefuatana watanyamaza wenyewe. Na ikiwa huwezi, basi walinde wanaotembea kwa ulimi wako, kama ambavyo wengine huwaudhi kwa ndimi zao.

Mama yule sasa hutoka na wenzake watatu baada ya Alfajiri. Jumatano nilikutana nao nikirudi msikitini. Nikaondoka njiani nikawapisha, nikasubiri chini ya mgunga mpaka walipopita. Walinipa salamu, nami nikaitikia. Hiyo ndiyo haki ya njia, wala haikunigharimu kitu.

Mwenyezi Mungu atujaalie afya njema, atuhifadhie mito yetu, na atuwafikishe kupeana haki. Wabillahi tawfiq.