Tahadhari: Jiko Lisilale Chumbani

Kipupwe kimeshika. Uyole, Mafinga, Kilolo, Rungwe, usiku joto linashuka chini ya nyuzi 10, na jioni hii hii kuna mtu anabeba jiko la mkaa kutoka uani kulipeleka chumbani alikolala mtoto. Namwomba alirudishe nje kwanza, ndipo aendelee kusoma.

Tunauamini mkaa uliokwisha kushika. Tunaupepea mpaka moshi uishe, tunauona mwekundu, tunasema sasa liko safi, ingizeni ndani. Lakini kinachoua hakionekani. Mkaa unaoungua hutoa hewa iitwayo kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, isiyowasha jicho wala koo. Ikifika mapafuni hung'ang'ania damu kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200, na mwili unakosa hewa ilhali mtu anaendelea kupumua vizuri. Kufunika makaa kwa majivu hakuizuii. Beseni la maji kando ya jiko haliinyonyi. Mbeya mjini, kwenye mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, kila pumzi tayari ina oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na Dar es Salaam, kwa hiyo sumu hii inamkuta mtu mwenye akiba ndogo.

Kila mwaka nasikia jibu lilelile: bibi zetu waliota moto ndani na hawakufa. Ni kweli waliota, ingawa macho na vifua vyao viliumia. Ila nyumba ya mianzi ya Rungwe, iliyoezekwa nyasi, ilipitisha hewa kila upande. Chumba chetu cha leo ni cha bloku, kimepigwa lipu, kina dari na dirisha la kioo, na chini ya mlango tumekunja kanga kuzuia upepo. Hewa chafu ikishazaliwa humo haina pa kutokea.

Hofu yangu kubwa ni kwa mama aliyejifungua. Kwa mapenzi tu, mama mkwe au shangazi anamwekea jiko karibu na kitanda, anafunga dirisha ili kichanga kisipigwe baridi. Shangazi, nakuheshimu, lakini liondoe. Mvue mtoto, mbakishie nepi na kofia, mlaze kifuani kwa mama yake ngozi kwa ngozi, kisha wafunike wote wawili kwa blanketi. Ndivyo wakunga wanavyofundisha, na joto hilo linatosha.

Wanafunzi mliopanga mageto Iyunga na Iringa mjini, hali ni hiyohiyo kwenu: pikeni nje, jiko libaki nje.

Na nyinyi madereva na mautingo wa barabara ya TANZAM, mnaolala kwenye foleni ya Tunduma au mnaoegesha Mafinga usiku wa manane. Mtungi mdogo wa gesi wenye jiko juu yake ni rafiki mzuri pembeni ya lori, chai ikichemka. Ukiuingiza kwenye kabini na kupandisha vioo ili upate joto, moto unaila oksijeni ya kijinafasi kile, kisha wenyewe unaanza kuungua vibaya na kutoa sumu ileile. Gesi ikivuja bila kuwaka, ni nzito kuliko hewa, hutuama sakafuni ikingoja cheche. Lala na sweta, soksi, kofia, na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye taulo. Mtungi uzime, ukae nje ya kabini.

Dalili za sumu hii zinadanganya. Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu inalegea, na mtu anadhani ni malaria au uchovu wa safari. Kama nyumba nzima inaumwa kichwa kwa wakati mmoja na kuna moto ndani, msitafute dawa kwanza, tokeni. Ukimkuta mtu amelala haamki, fungua mlango wazi, vuta pumzi ukiwa nje, mtoe haraka na usikae humo, maana waokoaji nao huanguka. Piga 114 kwa Zimamoto, au 112. Maziwa hayasaidii, kwa sababu sumu haikupita tumboni, na aliyepoteza fahamu anaweza kupaliwa.

Mpelekeni hospitali hata akizinduka na kusema yuko sawa, na mwambieni daktari wazi kwamba kulikuwa na jiko chumbani. Oksijeni ya hospitali huisafisha damu upesi mara kadhaa kuliko hewa ya kawaida. Mjamzito asibaki nyumbani kwa sababu yoyote, kwani mtoto wa tumboni anaweza kuwa ameumia zaidi ya mama yake.