Kalamu ruhusa, jukwaa marufuku?

Ndugu msomaji, hebu tuanze na mtihani.

Kwa miaka kadhaa mtoto wa kidato cha nne katika nchi hii alisoma Kigogo, tamthilia ya Pauline Kea. Ndani yake mna mtawala aitwaye Majoka, anayewafungia watu wa Sagamoyo soko lao, na mna vijana wawili, Tunu na Sudi, wanaokataa kunyamaza. Waliowatangulia walisoma Mstahiki Meya ya Timothy Arege, yenye kiongozi wa mji anayeshiba huku wafanyakazi wake wakisukumwa hadi kugoma. Na wa kabla yao walisoma Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia, ambamo kijana Mwelusi anapambana na mtawala Bokono.

Vitabu hivi havikuingizwa shuleni kwa magendo na wapinzani. Viliidhinishwa na serikali yenyewe, na Baraza la Mitihani likavitungia maswali. Mtoto aliyeeleza sawasawa jinsi Majoka anavyowanyanyasa raia alipewa alama zake zote, akapigiwa makofi, akaambiwa amefaulu.

Lakini mtoto wa rika hilohilo alipotaka kusimama jukwaani na kuyasema hayo kwa kinywa chake, alikuta polisi mlangoni.

Kwani tofauti ni nini? Udhalimu ukiandikwa kwa kalamu ni elimu, ukisemwa kwa sauti ni uchochezi? Hilo ndilo swali tunaloiuliza Wizara ya Elimu, na tunataka jibu, si hotuba.

Tukumbushane yaliyotokea Nakuru mwezi wa Aprili 2025. Wasichana wa Shule ya Upili ya Butere walikuwa na mchezo uitwao Echoes of War, ulioandikwa na Cleophas Malala, aliyekuwa Seneta wa Kakamega. Mchezo wenyewe unahusu vijana na watawala wao, jambo ambalo Mkenya yeyote aliyeyaona maandamano ya Juni 2024 hahitaji kufafanuliwa. Ulipowekewa vizuizi usifike kwenye mashindano ya kitaifa, shauri lilipelekwa katika Mahakama Kuu ya Kisii, na mahakama ikaagiza wasichana hao waruhusiwe kushiriki.

Mtu mwenye akili timamu angedhani mambo yameishia hapo. Wapi! Usiku wa kuamkia onyesho, Malala alikamatwa huko Nakuru alipokuwa akienda kuwaona wanafunzi wake. Asubuhi ya Alhamisi, Aprili 10, polisi walijaa kwenye uwanja wa tamasha. Wananchi na waandishi wa habari wakatimuliwa kwa vitoza machozi. Wasichana wakaingizwa ukumbini wakakuta hakuna watazamaji, hakuna vifaa vyao, na mwelekezi wao hayupo. Wakaimba wimbo wa taifa, wakatoka, wakaenda zao.

Wimbo wa taifa, ndugu msomaji! Hawakurusha jiwe, hawakuchoma gurudumu, hawakumtukana mtu. Walimwomba Mungu nguvu yetu ailete baraka kwetu, kisha wakarudi kwenye basi. Siku ile ukumbini, waliokuwa na adabu na wastaarabu walivaa sare za shule. Waliovaa sare nyingine walikuwa wanapambana na moshi walioutoa wenyewe.

Serikali ilijitetea kwamba Malala si mwalimu, na kwamba wanasiasa wanawatumia watoto. Tutalijibu hilo bila kupindapinda, maana sisi si watu wa kuficha mwiba kwenye nyayo zetu.

Ni kweli Malala ni mwanasiasa. Tena mwaka 2023 alikuwa Katibu Mkuu wa UDA, chama kilicho madarakani, na siku hizo hatukusikia mkubwa yeyote akilalamika kwamba anaharibu watoto. Hata hivyo hoja yenyewe ina uzito. Mtoto wa shule si kipaza sauti cha mtu, awe wa serikali au wa upinzani. Mwanasiasa wa upande wetu akimtungia mtoto maneno ili ajinufaishe kwenye kura, tutamkemea hapahapa kwenye ukurasa huu. Mkuki kwa nguruwe usiwe mtamu, kwa binadamu ukawa mchungu.

Lakini mchezo wenye kasoro hurekebishwa na mwalimu na kukosolewa na mwamuzi. Tangu lini askari mwenye kofia ya chuma akawa mwamuzi wa drama? Anatoa alama kwa kutumia nini, rungu? Na kama tatizo ni watu wa nje kuandikia shule michezo, mbona serikali haikuliona miaka yote ambayo shule kwa shule, kutoka Pwani hadi Magharibi, zimekuwa zikikodi watunzi na waelekezi kwa pesa za wazazi? Lilionekana siku moja tu, siku mchezo ulipowagusa wakubwa.

Isitoshe, hii haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 2013 shule hiyohiyo ya Butere, kwa mtunzi huyohuyo, ilizuiwa kupeleka mchezo wa Shackles of Doom kwenye tamasha la kitaifa lililofanyika Mombasa. Mchezo huo ulizungumzia ukabila katika kugawana vyeo na utajiri wa nchi. Eti ungewachochea watu! Okiya Omtatah akaenda mahakamani, na Jaji David Majanja, ambaye sasa ni marehemu, akaamua kwamba marufuku hiyo ilikwenda kinyume cha Katiba. Wasichana wakaigiza Mombasa. Je, nchi iliwaka moto? Kuna kijiji kilichochomwa kwa sababu ya mchezo wa wanafunzi? Hakuna. Watu walitazama, wakapiga makofi, wakaenda nyumbani kula.

Kifungu cha 33 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu uhuru wa kujieleza, na kimetaja waziwazi uhuru wa ubunifu wa kisanaa. Hakikusema kila mtu isipokuwa mwanafunzi. Kinakataza uchochezi wa vita, fujo na chuki, na hapo hatuna ugomvi. Mwenye ushahidi wa chuki aupeleke kwa hakimu. Asiyekuwa nao amwache mtoto aigize.

Wazee wetu wanajua ugonjwa huu ulianza lini. Mwaka 1977 wakulima na wafanyakazi wa Kamiriithu, Limuru, waliigiza Ngaahika Ndeenda, mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Serikali ikaufuta kibali. Siku ya mwisho ya mwaka huo Ngũgĩ wa Thiong'o akachukuliwa nyumbani kwake, akawekwa kizuizini bila kufikishwa mbele ya hakimu, hadi Desemba 1978. Na mwaka 1982, ukumbi ambao wanakijiji waliujenga kwa mikono yao ulibomolewa na polisi.

Ngũgĩ alifariki Mei 2025, ugenini Marekani, wiki chache tu baada ya moshi wa Nakuru. Wakubwa wakatoa rambirambi tamutamu, wakamwita fahari ya taifa. Ni ada ya watawala wa nchi hii kumtukuza msanii akishakufa, wakati hai yake walimpiga vita. Ametukuzwa kwa sababu hawezi tena kuandika mchezo mwingine.

Sasa tuje kwenye jambo linalotuuma zaidi, nalo ni hasara anayoipata mtoto.

Tamasha la drama la shule lilianza mwaka 1959, siku za mkoloni, wakati shule za Wazungu ndizo zilizotamba jukwaani. Waafrika walilichukua, wakaliingizia ngoma zao, hadithi zao na Kiswahili chao, hadi likawa mojawapo ya sherehe kubwa za vijana katika bara hili. Mashindano huanzia mashinani, yakapanda hadi kaunti, mkoa na taifa. Kuna michezo ya kuigiza, ngoma za kubuni, mashairi, masimulizi, vichekesho, na sasa filamu. Kwa desturi washindi hualikwa kuigiza mbele ya Rais mwenyewe. Kumbe mtoto akisifu hukaribishwa Ikulu, akiuliza hukaribishwa na moshi!

Anayedhani drama ni mchezo wa kupoteza wakati hajawahi kuketi na mwalimu anayeifundisha. Mtoto aliyetoka kijijini akiwa haya zimemjaa, asiyeweza kusema jina lake mbele ya darasa, hupewa maneno matano ya kusema. Wiki ya kwanza anayasema akitazama sakafu. Baada ya mwezi anayasema akitazama watu. Kufikia mwisho wa muhula anawanyamazisha watu mia tano kwa kuinua mkono. Amejifunza kukariri, kupumua, kusubiri zamu yake, kumsikiliza mwenzake na kufika mazoezini kwa wakati. Amejifunza pia kuingia kwenye viatu vya mtu mwingine: leo ni mjane, kesho ni chifu mla rushwa, kesho kutwa ni mgonjwa aliyekosa dawa. Somo hilo halimo kwenye kitabu cha hesabu, na nchi inayogawanyika kikabila kila baada ya miaka 5 inalihitaji kuliko dhahabu.

Jirani zetu wa Tanzania waliliona hili mapema. Mwaka 1996 wahadhiri wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo Profesa Penina Mlama, walianzisha mpango ulioitwa TUSEME katika shule za sekondari. Wasichana walikaa chini, wakataja wenyewe yanayowakwamisha masomoni, kama vile kusumbuliwa kimapenzi, mimba na kazi za nyumbani zisizokwisha. Kisha wakayatungia michezo na kuyaigiza mbele ya walimu na wazazi. Mambo ambayo msichana hawezi kumwambia mwalimu ofisini aliyasema jukwaani, na watu wazima wakalazimika kusikiliza. Baadaye shirika la FAWE, ambalo makao yake makuu yako papa hapa Nairobi, lilieneza mpango huo katika nchi nyingine za Afrika. Na jina la mpango halikuwa Tunyamaze.

Huku kwetu serikali imeandika maneno mazuri kwenye mtaala wa umilisi. Shule ya upili ya juu imepewa mikondo mitatu, na mmojawapo ni Sanaa na Sayansi ya Michezo, ambamo maigizo na filamu vina nafasi. Kwenye karatasi, mwanafunzi anatakiwa awe mbunifu, mwenye kufikiri na kujieleza. Vizuri sana. Lakini mwalimu gani wa shule ya umma atathubutu kufundisha ubunifu huo baada ya kuona ya Nakuru? Mwajiri wake ni serikali. Anaweza kuhamishwa kesho. Atachagua mchezo wa kuhimiza watu wanawe mikono na kupanda miti, ule usiomkera mtu. Nao watoto watajifunza somo moja tu, kwamba ukitaka usalama sema uongo kwa sauti nzuri.

Tena kuna suala la pesa, ambalo wakubwa hawapendi lisemwe. Shule kubwa yenye wazazi wenye uwezo hununua mavazi, hukodi mwelekezi na hufika mashindanoni kwa basi lake. Shule ya kutwa ya kijijini, ambayo mgao wa serikali huifikia umechelewa na umepungua, haiwezi hata kulipa mafuta ya kufika kaunti. Kipaji kimegawiwa kwa wote. Nauli ndiyo haikugawiwa. Na mwanya huo wa pesa ndio unaowaingiza watunzi wa kukodi na wanasiasa. Mwalimu akipewa mafunzo na kifungu chake cha fedha, hatamhitaji seneta.

Kwa hiyo gazeti hili linadai mambo manne, nayo si makubwa.

Kwanza, polisi wasikanyage uwanja wa tamasha la watoto ila kwa kulinda magari na mali. Aliyeamuru vitoza machozi virushwe mahali penye wanafunzi aitwe mbele ya Bunge ajieleze.

Pili, mchezo usizuiwe ila kwa vigezo vilivyoandikwa na kujulikana na shule zote mapema. Ukizuiwa, sababu zitolewe kwa maandishi, na shule iwe na haki ya kukata rufaa kabla ya siku ya onyesho. Simu ya mkubwa isiwe kigezo.

Tatu, kila shule ya umma itengewe fedha za drama kama inavyotengewa za maabara, na TSC iajiri walimu waliosomea sanaa za maonyesho. Bila hivyo ule mkondo wa sanaa utakuwa wa watoto wa matajiri pekee.

Nne, agizo la mahakama liheshimiwe. Serikali inayoidharau mahakama mbele ya watoto inawafundisha somo la uraia ambalo itakuja kulijutia.

Na wewe mzazi usikae pembeni. Mkutano wa wazazi ukiitishwa, uliza shule ya mwanao ina kikundi cha drama au haina, na kama haina, kwa nini. Muulize mbunge wako alisema nini Aprili 2025. Kama alinyamaza, mkumbuke siku ya kura.

Wasichana wale wa Butere hawakupata kikombe Nakuru. Lakini nchi nzima iliwasikia bila wao kuigiza hata onyesho moja, maana waliowazuia waliigiza kwa niaba yao, tena hadharani, sehemu ya Majoka.