Mkifungwa, mfungwe Novemba

Kila mwaka ratiba ya mpira wa kikapu ya Chuo Kikuu cha Connecticut ikitoka, mashabiki hugawanyika kabla hata mchezaji mmoja hajafunga kamba za raba. Hawa wanalalamika kwamba timu imejipangia vibonde. Wale wanalalamika kwamba kocha anatafuta makuu, na kwamba vijana watafika kwenye ligi wakiwa hoi. Mara nyingine mtu huyohuyo anasema yote mawili, inategemea umemkuta kabla ya mechi au baada yake.

Sisi tuna upande wetu. Timu ya chuo, hasa yenye vijana wengi wapya, itoke nyumbani mapema, ikutane na wenye nguvu, na ikibidi ifungwe. Msimu unaotufanya tuseme hivyo una jina la Mtanzania ndani yake.

Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam mwenye urefu wa futi saba na inchi tatu, alijiunga na Connecticut mwaka 2006 akitokea sekondari moja ya Houston. Timu aliyoikuta ilikuwa imebomoka. Msimu uliotangulia ilishinda mechi 30 na kufungwa 4, ikaja kutolewa na George Mason kwa 86-84 katika muda wa nyongeza, ikiwa imebakiza hatua moja tu kuingia nusu fainali ya taifa. Baada ya hapo wachezaji wake watano wakachukuliwa na klabu za NBA kwa mkupuo. Kocha Jim Calhoun, ambaye alikuwa ameshatwaa ubingwa wa taifa mara mbili, akabaki na darasa la watoto.

Ratiba ikapangwa ya kuwalea watoto hao. Mechi 11 za kwanza zote zilichezwa ndani ya jimbo la Connecticut, ama Gampel, ukumbi wa chuo ulioko Storrs, ama mjini Hartford. Walishinda zote 11. Kwenye makaratasi ilikuwa timu isiyofungika.

Desemba 30 wakafunga safari kwenda West Virginia, wakalala 81-71. Kilichofuata hakikuwa ajali ya siku moja. Katika mechi 20 za mwisho walishinda 6 tu. Ndani ya ligi yao, Big East, walimaliza na ushindi 6 na vipigo 10. Mashindano makuu ya Machi hawakuitwa, na NIT, ambayo ndiyo kimbilio la walioachwa, nayo haikuwaita. Connecticut haikuwa imekosa yote mawili tangu 1987, Calhoun mwenyewe akiwa bado mgeni pale chuoni.

Tuwe waangalifu hapa. Ratiba haikuifanya timu ile kuwa dhaifu. Ukiondokewa na watano wa kiwango cha NBA utayumba, hata ukicheza ugenini kila wiki. Kosa la ratiba lilikuwa jingine: iliuficha udhaifu mpaka muda wa kuutibu ukaisha.

Ndiyo maana tunaitazama kalenda kuliko majina ya wapinzani. Kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, zinaruhusu mazoezi kamili kuanza siku 42 kabla ya mechi ya kwanza, na ndani ya siku hizo timu inafanya mazoezi siku 30. Ni muda mfupi kwa kundi la vijana wasiojuana. Msimu unaanza mapema Novemba. Katikati ya Desemba mitihani inaisha, masomo yanafungwa, na kile kikomo cha saa 20 za mazoezi na mechi kwa wiki huondolewa mpaka masomo yafunguliwe. Kocha anabaki na wachezaji wake asubuhi na jioni, bila darasa na bila safari nyingi. Hakuna kipindi kingine cha msimu chenye nafasi kama hiyo. Ikifika Januari ni mechi mbili kwa wiki, ndege, hoteli, vipindi vya darasani, na mpinzani ambaye ana kanda zako zote mezani. Huko hufundishi tena mtu jinsi ya kukaa kwenye ulinzi. Unaziba tundu hili, linafumuka lile.

Sasa kocha atautumia vipi muda huo wa Desemba kama hajaonyeshwa anachotakiwa kurekebisha? Kijana mrefu mchanga anayezuia mitupo ya timu dhaifu usiku baada ya usiku hajifunzi lini aruke na lini atulie. Kila akiruka anapata mpira na ukumbi unamshangilia. Atajifunza siku atakapokutana na mshambuliaji mzoefu anayemdanganya kwa bega, akaruka bure, akapigiwa faulo ya pili dakika ya tano, na ukumbi mzima uliojaa watu wasiompenda ukaanza kumwimbia. Somo hilo lina faida Novemba kuliko Februari.

Watetezi wa ratiba laini wana hoja mbili, pesa na kujiamini. Ya pesa ni ya kweli. Mechi ya nyumbani inaleta viingilio, maegesho na vinywaji. Ya ugenini inaleta bili. Kwa hiyo vyuo vikubwa hununua wapinzani, yaani humlipa mdogo aje, acheze, afungwe, aondoke na hundi yake. Kentucky iliilipa Evansville dola 90,000 kwa mechi ya Novemba 12, 2019, kwenye ukumbi wa Rupp. Kentucky ilikuwa ya kwanza kwa ubora nchini. Evansville ikashinda 67-64 na hundi ikaondoka nayo. Evansville hiyohiyo ikaenda kufungwa mechi zote 18 za ligi yake mwaka huo. Waliocheka walicheka sana, lakini Kentucky ilijirekebisha na kumaliza ikiwa bingwa wa ligi yake, ya SEC, kabla ya korona kufuta mashindano ya Machi.

Hoja ya kujiamini haituingii. Kujiamini kunakojengwa kwa vibonde hakuvuki mpaka wa jimbo. Agosti 2018 Kentucky ilikwenda Bahamas kwa ziara ya maandalizi ya aina ile ambayo kanuni zinaruhusu mara moja kila miaka minne. Ilishinda mechi zote nne, tena kwa kutamba, na mashabiki wakarudi nyumbani wakihesabu ubingwa. Mechi ya kwanza ya msimu, Novemba 6 mjini Indianapolis, walikutana na Duke ya Zion Williamson na RJ Barrett. Wakapigwa 118-84. Wawili hao peke yao walifunga pointi 61. Ulikuwa usiku wa aibu, nasi tunadai ulikuwa usiku wenye faida kwa Kentucky kuliko Bahamas yote, kwa sababu msimu huo waliishia kwenye hatua ya timu nane bora, sawasawa na Duke.

Shabiki naye ana tabia ya kusoma anachokitaka. Oktoba 2024 Kansas, iliyokuwa imepewa nafasi ya kwanza kabla ya msimu, ilikwenda Arkansas kucheza mechi ya kirafiki ya hisani na ikafungwa 85-69. Jibu la wengi lilikuwa kwamba mechi hiyo haihesabiwi. Kweli, haikuhesabiwa. Machi 2025 Kansas ilitolewa raundi ya kwanza, na aliyeitoa alikuwa Arkansas yuleyule, 79-72. Kuanzia msimu wa 2025-26 NCAA imelegeza masharti ya mechi hizi za kirafiki kati ya vyuo vya daraja la kwanza, nasi tunaziunga mkono kwa mikono miwili. Ni kipimo cha kweli ambacho hakiharibu rekodi ya mtu. Mwenye macho aone.

Upande wa pili una kisa chake kizito pia, na kinatoka Connecticut hiyohiyo. Novemba 2024 timu ilikwenda kisiwa cha Maui ikiwa imetwaa ubingwa wa taifa mara mbili mfululizo, 2023 na 2024, chini ya kocha Dan Hurley. Ukumbi wa Lahaina ni mdogo, una viti kama 2,400, na kocha akifoka anasikika mpaka safu ya nyuma. Mechi ya kwanza, dhidi ya Memphis, ilifika muda wa nyongeza. Zikiwa zimebaki sekunde 40 hivi na matokeo yakiwa 92-92, mwamuzi akampigia faulo mchezaji wa Connecticut kwa kumrukia mpinzani mgongoni akigombea mpira. Hurley akajitupa chini chali kando ya uwanja kwa hasira. Akapewa faulo ya kiufundi. Memphis ikapata mitupo huru minne, ikaifunga yote, ikashinda 99-97. Kesho yake Colorado ikawafunga 73-72. Keshokutwa Dayton ikawafunga 85-67. Siku tatu, vipigo vitatu.

Basi wale wanaotaka ratiba laini wakapata sauti. Walikwenda kutafuta nini kisiwani? Tunajibu: walikwenda kutafuta walichokipata. Ilionekana wazi kwamba ulinzi wao haukuwa ule wa mabingwa na kwamba walikuwa wakigawa faulo kama peremende. Ndani ya wiki tatu zilizofuata wakazifunga Baylor, Texas kwao Austin, na Gonzaga pale New York. Msimu haukuwa wa ubingwa, lakini walipoondoka Machi waliondolewa kwa 77-75 na Florida, ambayo ndiyo iliyochukua kombe. Timu iliyopotea Maui haingefika pointi mbili karibu na Florida.

Tunachokubali ni kwamba mechi tatu ndani ya siku tatu si mpangilio mzuri wa kujifunza. Kocha hana hata siku moja ya kuwakalisha vijana na kuwaonyesha kanda. Kosa la Jumatatu linarudiwa Jumanne, Jumatano miguu imekwisha. Ndiyo maana hatuungi mkono ratiba ngumu kwa sababu tu ni ngumu. Mgumu mmoja, kisha siku nne au tano za mazoezi, kisha mgumu mwingine ugenini: huo ndio mpangilio unaofundisha.

Kuna pia hesabu za kamati inayochagua timu za Machi, ambazo mashabiki wa sasa wanazijua kuliko tarehe za kuzaliwa za watoto wao. Tangu 2018 kamati inatumia kipimo kinachoitwa NET. Ili ushindi uingie daraja la juu kabisa, nyumbani lazima umfunge aliye ndani ya 30 bora. Kwenye uwanja usio wa yeyote, ndani ya 50. Ugenini, ndani ya 75. Kwa maneno mengine, kanuni zenyewe zinamlipa anayesafiri. Ajabu ni kwamba wakubwa bado hawataki kwenda kwa wadogo wenye nguvu. Indiana State ilifika siku ya uteuzi mwaka 2024 na ushindi 28 na vipigo 6, NET ikiiweka ndani ya 30 bora, na ikaachwa. Mkubwa gani angethubutu kwenda kwao Terre Haute? Akishinda, watu watasema alipaswa kushinda. Akifungwa, ni habari ya taifa zima.

Tumrudie Thabeet kidogo. Msimu wake wa tatu, 2008-09, Connecticut haikulelewa. Novemba ilikwenda Visiwa vya Virgin, ikazifunga Miami na Wisconsin. Desemba 20 ilivuka nchi nzima hadi Seattle, ikaifunga Gonzaga 88-83 katika muda wa nyongeza. Ilimaliza 31-5, ikafika nusu fainali ya taifa, na Thabeet akachaguliwa wa pili katika uteuzi wa NBA wa 2009. Hatusemi safari ya Seattle ndiyo iliyompeleka NBA. Miaka miwili ya kukomaa ilifanya kazi kubwa zaidi. Tunasema tu kwamba Januari ilipowadia, kocha alikuwa anajua ana timu ya namna gani mkononi. Miaka miwili kabla ya hapo aliijua akiwa Morgantown, kwao West Virginia, siku moja kabla ya mkesha wa mwaka mpya.

Anabaki mwenye tiketi ya msimu, na huyu ana haki ya kunung'unika. Mechi nzuri zikienda New York na visiwani, yeye anabaki na wanunuliwa, usiku wa baridi wa katikati ya wiki, kwa bei ileile. Chuo kinacholipa mgeni aje kufungwa kinaweza pia kusafirisha timu moja kubwa ije Storrs kila Desemba, kwa makubaliano ya kurudishiana ziara mwaka unaofuata. Na mechi za vibonde, kwa kuwa hazitaisha, ziuzwe kwa bei ya kibonde.