Ameruhusiwa, Je, Amepona?

Kila mgonjwa anayelazwa katika hospitali zetu huandikwa katika daftari la MTUHA: ugonjwa wake, siku aliyoingia, na jinsi alivyotoka. Ama ameruhusiwa, ama amepewa rufaa, ama ametoroka, ama amefariki. Kwa mwenye malaria au nimonia, neno "ameruhusiwa" aghalabu hutosha. Lakini kwa mtoto mwenye kichwa kikubwa, mgongo wazi au mtindio wa ubongo, neno hilo ni mwanzo tu wa habari, nasi tumelifanya kuwa mwisho wake.

Tuchukue kichwa kikubwa. Maji yaliyomo ndani ya ubongo hukosa njia, yakaugandamiza ubongo na kulitanua fuvu ambalo kwa mtoto mchanga bado halijashikana. Tiba iliyozoeleka ni kumwekea mpira mwembamba chini ya ngozi, unaoyashusha maji hadi tumboni. Mpira huo waweza kuziba au kuingiwa na vijidudu baada ya wiki chache, na waweza kuziba baada ya miaka. Hapo mtoto hutapika, husinzia, na asipofikishwa upesi kwa mpasuaji huenda akafa. Sasa mama wa Masukulu afike kwanza Tukuyu, kisha kilomita zipatazo 70 hadi Mbeya, na pengine aambiwe aendelee hadi Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, mwendo wa zaidi ya kilomita 800. Nauli ya kwanza ilitokana na kuuza ndizi. Ya pili itatoka wapi? Mtoto huyo akifia nyumbani, daftari bado linasema ameruhusiwa.

Wenzetu wa Mbale, Uganda, walilitazama jambo hili kwa jicho jingine. Katika hospitali ya CURE, Daktari Benjamin Warf aliendeleza upasuaji unaoyafungulia maji njia ndani ya ubongo wenyewe, ili mtoto asiishi kwa kutegemea mpira. Hawakuridhika kwamba mtoto ametoka hai. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, watoto 100 walio chini ya miezi 6 waligawanywa katika makundi mawili, wengine wakawekewa mpira na wengine wakafanyiwa upasuaji huo. Baada ya miezi 12 walipimwa ufahamu wao, lugha yao na miendo yao. Katika ufahamu, haikuonekana tofauti kubwa baina ya makundi hayo. Jibu hilo lina uzito kwa mzazi anayeishi mbali na mpasuaji, wala lisingepatikana kwa kuhesabu vitanda na operesheni.

Si jambo jipya. Abu Bakr al-Razi, tabibu aliyefariki takriban mwaka 925, aliwatoa damu baadhi ya wagonjwa wenye dalili za homa ya ubongo na kuwaacha wengine makusudi, apate kujua kama tiba ile inafaa.

Wako wanaotaka hospitali ipimwe kwa idadi ya vifo. Kipimo hicho peke yake ni dhulma, kwani hospitali inayowapokea waliokataliwa kwingine itaonekana mbaya kuliko ile inayowarudisha mlangoni. Aidha, kutorudi kliniki si dalili ya kupona. Mtoto aulizwe alipo: je, ananyonya, anakaa, anaona, ameanza shule? Na mama yake je, bado ana kazi, bado ana mume?

Hapa ndipo jamaa wa msikiti wanapohusika. Daktari hamjui jirani yetu. Sisi twamjua, hata yule anayefichwa chumba cha ndani kwa aibu isiyo na msingi. Kila msikiti uwe na mtu, na ingefaa awe mwanamke, anayeijua siku ya mtoto kurudi kliniki na dalili za mpira kuziba, na mfuko mdogo wa nauli usiongoja Ijumaa. Mtoto akifariki, habari hiyo nayo ipelekwe hospitali alikotibiwa. Tuanze na walioruhusiwa mwaka huu.